Herufi Moja

Muhuri wa usharika wetu ulikosewa tangu siku ya kwanza.
Mchonga mihuri wa Kiborloni, aliyelipwa nusu na kuahidiwa nusu,
alichonga USHIRIKA WA NGARUMASO,
na mzee wa kanisa Ndewirwa Kileo akaupokea
bila miwani.
Tulicheka, kisha tukanyamaza.
Hela ya kuchonga mwingine ilikwishakuwa bati.
Karani wa kahawa alituuliza siku hizi tunanunua kilo kwa bei gani.

Basi miaka kumi na tisa
kila barua iliyoteremka Moshi mjini ikapanda ndege kwenda Ujerumani
ilikwenda na kosa hilo la zambarau
pembeni mwa jina langu:
Aikande Mmari, Katibu, Kamati ya Uhusiano.

Niliandika nilivyoagizwa.
Tunashukuru kwa tanki.
Tunashukuru kwa tanki, linavuja kidogo.
Tunaomba saruji, mifuko arobaini.
Wageni wenu wamefika salama,
mmoja aliumwa tumbo, sasa anakula ndizi.

Sikuandika kwamba ile miche mia waliyoipanda kwa nyimbo
waliipanda juu ya mfongo,
na walipoondoka tuling'oa sitini
usiku, kwa tochi, kama wezi wa shamba letu wenyewe.
Nani angewaambia? Walikuwa wamepiga picha.

Bibi Annegret angewaambia.
Muuguzi yule alikaa nasi miaka kumi na mmoja
akagombana na kila mtu aliyempenda.
Siku moja alikosa msaragambo wa kuzibua mfongo,
akatozwa faini kama mwingine yeyote: debe la mbege.
Akalileta, Mlutheri yule, kichwani, likimchuruzika shingoni,
na sisi Walutheri tukalinywa mpaka chini.
Baada ya siku ile hakuna aliyemwita mgeni.

Mwaka huu barua yao ilikuwa fupi.
Annegret wamemzika Jumanne.
Ibadani wamebaki kumi na wanne,
jengo litafungwa baada ya mavuno,
kinanda kitauzwa kama kitapata mtu.
Niligeuza karatasi nitafute ombi.
Nyuma palikuwa peupe.

Barazani, mzee Kileo aliuliza, sasa tuwaombe nini?
Mama Nderakindo, ambaye husuka ukili wakati wa vikao
na hatujawahi kujua kama anasikiliza,
akasema bila kuinua macho:
Mwenzako amefiwa, wewe unamwomba saruji?
Mtu aende akakae msiba.

Wengine waliguna. Wale ni matajiri.
Mayai yetu yatamfikisha nani huko?

Jumapili, baada ya ibada, mnada ukafanyika nje kama kawaida:
jogoo, mikungu mitatu, boga, maziwa kwenye kibuyu.
Yai moja lilinunuliwa mara sita,
kila aliyelishinda akalirudisha mezani,
mpaka mtoto wa Elinisafi akaliangusha
na likawa la udongo.
Tukahesabu. Nauli ya mtu mmoja haijafika nusu.
Tulihesabu tena, polepole, kana kwamba noti zina aibu.

Mwinjilisti kijana ameleta muhuri mpya kutoka Arusha,
umechongwa kwa mashine, herufi zote mahali pake.
Nimeuweka kwenye droo pamoja na mishumaa.
Ule wa zamani wino wake ulikuwa umekauka,
nikalowesha kitambaa kwa maji ya tanki linalovuja
nikaubandika kwa mikono miwili.

Tunakuja, niliandika. Sijui lini.
Na kabla sijafunga bahasha,
chini ya neno lile lililokosewa
nikaongeza kwa kalamu swali ambalo miaka yote
hakuna aliyenituma niulize:

Huko kwenu, mtu akienda msibani,
hubeba nini mkononi?